Urefu wa Gauni na Sketi: Upi Ununue Kwanza

Kabla hujatazama rangi, shika futikamba. Simama wima mbele ya kioo, mtu akupimie kuanzia kiunoni hadi pale mguu unapoingia ndani, chini tu ya goti. Andika kipimo hicho kwenye simu. Dukani utakitegemea kuliko lebo, kwa sababu "midi" (inayoishia kati ya goti na kifundo) ya mrefu ni karibu maksi (inayofika kifundoni au chini yake) kwa mfupi.

Nambari moja: chini kidogo ya goti. Hapa sina mjadala. Goti limekwisha, shavu la mguu halijaanza kutuna, kwa hiyo pindo linakaa mahali pembamba. Utaivaa kazini, ibadani na harusini, kwa mchuchumio au raba. Ila ijaribu ukiwa umeketi pia. Sketi ya kubana hupanda sentimita kadhaa, na kama umeanza kuivutavuta kwenye chumba cha kujaribia, utaivutavuta siku nzima.

Pili, maksi. Chagua inayoishia kifundoni, si inayofagia sakafu. Niliwahi kukanyaga pindo langu nikipanda ngazi, mshono wa kiuno ukaachia, nikamaliza sherehe nimejifunga mtandio. Jipime ukiwa umevaa viatu utakavyotumia, na kama ni nyembamba, hakikisha ina mpasuo.

Midi naiweka ya tatu, najua wapo watakaonuna. Ikikata katikati ya shavu la mguu, pale penye unene, hufanya mguu uonekane mfupi. Mbunifu wa mitindo wa Kifaransa Christian Dior alipoteremsha pindo mwaka 1947 alibana kiuno na kumwaga kitambaa kingi chini, na huo upana ndio uliobeba ule urefu. Wafanyabiashara wa Marekani walipoisukuma midi mwaka 1970, wanawake wengi waligoma kuinunua. Ukiitaka, tafuta yenye marinda au solo pana.

Mini, ile inayoishia juu ya goti, ni ya mwisho. Inapendeza, lakini siku za kuivaa ni chache.

Ukishachagua, geuza nguo uangalie pindo kwa ndani. Likiwa na sentimita 4 au 5, fundi anaweza kulishusha. Likiwa limepigwa ovaloki tu, yaani ukingo umezungushiwa uzi bila kukunjwa, nguo hiyo itapunguzwa, haitaongezwa. Na sketi iliyokatwa mshazari itundike siku nzima kabla fundi hajaigusa, maana hurefuka yenyewe, tena upande mmoja zaidi ya mwingine.