Basi linalojiendesha: nilivyolipanda Scotland, na ninapotaka lianzie Mwanza

Nianze na swali ninaloulizwa na kila anayesikia kwamba nimewahi kupanda basi linalojiendesha: hapana, sikuogopa. Dakika chache za mwanzo nilikaa nimeshika bomba la kiti, kisha nikaachia. Kilichonituliza ni kwamba basi lenyewe halikuwa na pupa. Halikuganda nyuma ya gari la mbele, halikufunga breki ghafla kituoni, halikuondoka mtu akiwa bado anatafuta pa kukaa. Kwa sisi tuliozoea Hiace za Buhongwa na Igoma, hayo tu yanatosha kulisifu.

Lilikuwa basi la njia ya AB1, chini ya mradi wa CAVForth, huko Scotland. Nilikuwa masomoni Edinburgh, na njia hiyo ilianza kubeba abiria Mei 2023. Msilifananishe na vile vigari vifupi vya umbo la boksi ambavyo miji mingi ya Ulaya na Marekani imevijaribu, vinavyojikokota mtaani vikiwa na watu kumi na kitu. Hili lilikuwa basi kamili la Alexander Dennis, limefungwa mitambo ya kampuni ya Fusion Processing: kamera, rada, na laida, yaani kifaa kinachopima umbali wa vitu kwa miale ya leza. Mabasi yalikuwa matano. Njia ilikuwa ya kama kilomita 22, kutoka Ferrytoll upande wa Fife hadi stesheni ya Edinburgh Park, na basi liliweza kufika kilomita 80 kwa saa, mwendo uleule ambao mabasi yetu ya mikoani hayaruhusiwi kuuzidi. Na wale wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo macho hayapati shida.

Dereva yupo. Hili watu wengi hawalijui. Sheria ya Uingereza ilitaka mtu mwenye leseni akae kwenye usukani, tayari kushika wakati wowote. Unamwona amekaa sawasawa, mikono karibu na usukani lakini hajaugusa, na usukani unazunguka wenyewe. Mimi nililipima basi lile kwenye vipilefti, na pale linapoingia barabara kuu yenye magari ya kasi. Kwenye kipilefti lilisubiri nafasi yake bila kujaribu kujipenyeza. Barabara kuu liliwasha indiketa, likasubiri, likaingia, likashika njia yake. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa anasoma gazeti muda wote, wala hakuinua kichwa.

Kisha darajani. Forth Road Bridge, linalovuka maji kati ya Fife na upande wa Edinburgh, lina urefu wa kilomita mbili na nusu na lilifunguliwa mwaka 1964. Siku za nyuma watu walivuka maji yale kwa vivuko, na daraja lilipofunguliwa vivuko vikaacha kazi. Mimi ni mtu wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa ukitokea Mwanza mjini. Nilikuwa dirishani nayatazama maji yale, kichwani naiona Kigongo, tulikokuwa tukivukia kwa kivuko.

Lakini kuna jambo kuhusu daraja lile ambalo wanaolisifia basi hawalitaji. Mwaka 2017 lilifunguliwa daraja jingine jipya pembeni yake, magari mengi yakahamia huko. Lile la zamani likaachiwa mabasi, teksi, baiskeli na watembea kwa miguu. Maana yake basi letu lilikuwa limepewa sehemu ndefu ya njia isiyo na fujo. Umahiri wake niliuona kwa macho yangu na siupunguzi, ila barabara nayo ilikuwa imemwandalia mgeni.

Ndani kulikuwa na mfanyakazi wa pili, waliyemwita kapteni. Alikata tiketi, aliwasaidia watu kupanda, alijibu maswali. Maswali yalikuwa mengi, na yeye alijibu kila mtu kwa upole kama vile ndiyo anaulizwa kwa mara ya kwanza. Kwangu mimi huyu ndiye aliyeifanya huduma ikae vizuri. Dereva anatazama barabara, mashine inaendesha, lakini abiria anahitaji mtu wa kumtazama usoni. Kazi hiyo huku kwetu ni ya konda, na konda mzuri anaijua kuliko mtu yeyote.

Safari zile zilisitishwa Februari 2025. Mitambo haikushindwa, abiria hawakufika idadi iliyotarajiwa. Sishangai. Mtu wa Fife ana treni inayovuka maji yale tangu mwaka 1890, ana mabasi mengine, wengi wana magari yao. Teknolojia ile naipa nyota nne bila kusita. Njia waliyoichagua nisingeipa zaidi ya mbili, maana ni kumletea chakula mtu aliyeshiba.

Sasa Mwanza.

Abiria hapa si tatizo. Simama Buhongwa saa kumi na mbili asubuhi uone. Ndiyo maana baadhi ya rafiki zangu wanapoziona video za mabasi haya wanasema yaletwe haraka, yapite Nyerere Road, yaende mpaka Kirumba na Pasiansi. Nawaomba wasubiri. Mashine hizi zimefundishwa kusimama zikiona kitu chochote mbele yao. Pale Makoroboi, machinga wamepanga bidhaa hadi ukingoni, bodaboda inapita kushoto na nyingine inakuja kinyume, mkokoteni wa viazi unakatisha, na michoro ya barabara imefutika. Basi la namna hiyo litasimama, na litaendelea kusimama. Sisi tunapita pale kwa makubaliano madogo madogo yasiyoandikwa popote: dereva anatazamana na mwenye mkokoteni, honi fupi, mkono wa konda umetoka dirishani kuomba njia. Mkono ule una maana kubwa katika barabara zetu, na sijaona mtambo unaousoma. Halafu ije mvua, Mto Mirongo ujae, barabara igeuke maji.

Na kuna tukio la Las Vegas ambalo kila mwenye mamlaka ya usafiri anapaswa kulisoma. Novemba 8, 2017, siku ileile kigari kidogo cha kampuni ya Navya kilipoanza kubeba umma, lori la mizigo lilikuwa linarudi nyuma kuingia uchochoroni. Kigari kikaliona, kikasimama, kama kilivyofundishwa. Lori likaendelea kurudi mpaka likakigonga. Hakuna aliyeumia. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali ilikuta kwamba dereva wa lori alitegemea kigari kisimame mbali zaidi. Ilikuta pia kwamba mhudumu aliyekuwa ndani hakuwa na njia ya haraka ya kukiendesha kwa mkono, kwa sababu kidhibiti chake kilikuwa kimefungiwa ndani ya kasha.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Konda wetu yeyote angekuwa ameshashuka, anapiga bodi la lori kwa kiganja, anapaza sauti, "Simama! Simama mzee, kuna watu!" Dereva wetu wa Hiace naye angekuwa ameshaweka gia ya nyuma. Kusimama tu si usalama, na mtu aliyewekwa ndani ya basi bila uwezo wa kufanya lolote ni abiria aliyevaa sare.

Jambo jingine ni breki. Februari 2020, huko Columbus, Ohio, abiria aliteleza kutoka kitini na kuanguka kigari cha EasyMile kilipojifunga breki ghafla, tena kikiwa kwenye mwendo mdogo sana. Serikali ya Marekani ikazuia vigari vya aina hiyo kubeba abiria katika majimbo 10. Mwendo mdogo, mtu amekaa, na bado akaanguka. Sasa mfikirie mama aliyesimama na ndoo ya dagaa, mtoto mgongoni.

Kwa hiyo nikiulizwa lianzie wapi, jibu langu ni moja: daraja la Kigongo–Busisi. Daraja lile lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3, njia mbili kwenda na mbili kurudi, njia ya dharura, na watembea kwa miguu wana sehemu yao pembeni. Michoro bado mipya. Hakuna machinga katikati ya maji. Ukitaka mahali Mwanza panapofanana na barabara ile niliyoiona Scotland, ni pale. Na pana uhitaji wa kweli. Tuliokulia ng'ambo tunakumbuka foleni ya kivuko, jua kali, gari lenye mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando likisubiri zamu kama mengine. Daraja limeondoa foleni hiyo. Lakini mtu asiye na gari bado anamsubiri mwenye Hiace ajaze ndipo aondoke, na jioni anaweza kusubiri mpaka giza liingie. Basi dogo linalokwenda na kurudi kati ya Usagara na Busisi kila baada ya muda maalumu, limejaa au halijajaa, lingekuwa msaada mkubwa.

Ningelipanda, lakini kwa masharti. Kwanza litembee tupu kwa miezi, masika na kiangazi, usiku na mchana, mpaka liwazoee ng'ombe wa Misungwi wanaovushwa barabarani na ukungu unaopanda kutoka ziwani. Wote wakae, asisimame mtu. Dereva mwenye leseni awe kwenye kiti, usukani uwe mbele yake na si ndani ya kasha. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, watangaze kila ajali, hata ya kukwaruzana, maana watu wa huku tukifichwa jambo moja hatuamini tena kumi yanayofuata. Madereva na makonda wanaofanya kazi njia hiyo leo wawe wa kwanza kufundishwa na kuajiriwa. Wanaijua kila kona na kila mama mwenye mzigo. Na nauli isizidi ya Hiace, kwa sababu anayetoka Sengerema alfajiri kuwahi soko la Mwaloni pale Kirumba anahesabu shilingi mia mia, na hatalipa zaidi ili aone usukani ukizunguka wenyewe.