TAHADHARI: Mzee wa kofia ya kiua anayeuza "tembo wa Tabora" Berlin

Wakuu, salamu baadaye. Yule tembo wa Tabora, ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, niliyewatumia picha Jumamosi, mkajaza kundi zima vigelegele, ni shaba iliyochovywa dhahabu. Tumepigwa. Nasema tumepigwa, kwa wingi, maana mchango wetu wa kununulia sarafu mnajua ulivyokusanywa, na waliokuwa wakiandika "chukua, chukua, unangoja nini" ujumbe wao bado ninao.

Kaka Dokta alinishauri ninyamaze, tujipange kimyakimya mambo yaishe. Sinyamazi. Yule mzee ni tapeli aliyekubuhu, bado yuko mitaani na kofia yake, na wengine wenu mnafunga mabegi ya kwenda maonyesho ya sarafu Munich.

Asubuhi tulikuwa pamoja, mimi, Mzee wetu wa kundi, Kaka Dokta na Shangazi wa Bremen. Tulishuka Sonnenallee, baridi inauma masikio, tukaingia hoteli ya Estrel. Kwa ambao hamjawahi kufika World Money Fair, maonyesho makubwa ya sarafu, pale si gulioni. Viwanda vya sarafu vya serikali vinapanga meza zao, Waaustria kule, Wafaransa huku, na wauzaji wa sarafu kongwe wamekaa nyuma ya vioo, majina yao yameandikwa juu yaonekane. Nilinunua reale ya Maria Theresa, hii hii iliyotumika Zanzibar na Uhabeshi, ambayo Vienna wanaigonga mpaka leo kwa mwaka uleule wa 1780. Kijana wa mezani, wala sikumwomba, akaiweka kwenye mizani: gramu 28 na kidogo. Nikapewa risiti yenye muhuri. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia sijui kununua sarafu.

Baadaye tukatawanyika. Mzee wetu alikwenda kwa Waaustria wake, Kaka Dokta akaenda kukagua vitu vya mnada, Shangazi wa Bremen miguu ilikuwa inamuuma, sijui alijificha wapi. Nami nikatoka nje ya ukumbi wa maonyesho, nikakaa kwenye viti vya hoteli na kikombe cha chai, nikaitoa reale yangu niitazame vizuri. Hapo ndipo aliponikuta.

"Hodi hapa. Hiyo ni reale ya Bibi Theresa, au macho yangu yamezeeka?"

Nikainua kichwa. Mzee wa miaka sitini na kitu, kofia ya kiua safi, koti zito, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba mwanangu, wa wapi wewe? Nikasema Urambo, Tabora. Alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe mtani! Mie Mzaramo wa Kisarawe. Si nyie mliobeba mizigo ya Wajerumani kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo? Leo umewafuata kwao kudai ujira?" Niambieni, ni nani kati yenu angemkimbia mtu wa namna hiyo? Nilimvutia kiti mimi mwenyewe. Nikamwagizia na chai. Chai yangu, tapeli akanywa, akaongeza sukari.

Wala hakuanza na biashara. Alianza na vijisarafu vidogo kwenye kimfuko cha kitambaa, akavimwaga mezani na kuvisomea kama anayechambua mchele. Hiki ni senti 10 ya Uganda na Afrika Mashariki, tupa huko. Hii ni pesa ya shaba ya Kampuni ya Wajerumani, mwaka 1891, tai huku na Kiarabu huku, soma mwenyewe: *Sharikat Almania*, chini mwaka wa Kiislamu. Akaniuliza, pesa ngapi zilifanya rupia moja? Nikajibu 64. Akasema safi, na mwaka 1904 wakaziondoa wakaleta heller mia kwa rupia. Alikuwa ananipima, sasa ndiyo naelewa, lakini saa ile niliona nimekutana na mwalimu. Ile pesa akaniuzia euro 8. Bei ya haki kabisa. Akaniambia "usije ukaenda kuwaambia wenzako kwamba Mzaramo anapunja".

Ndipo akafungua zipu ya ndani ya koti.

Jamani. Tembo. Mkonga juu, mlima nyuma yake, 1916, herufi T chini. Kasha lile gumu la plastiki la kampuni ya kupima uhalisi na ubora wa sarafu, lebo yake, namba yake, alama ya kung'aa ukigeuza. Miaka yote hiyo tunamwona kwenye katalogi, leo yuko kwenye kiganja cha mtu ananiambia mshike, ni wa kwenu.

Na hadithi aliyoitoa haikuwa na hata pengo moja. Ni Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wamefunga bahari, sarafu haziingii, serikali ya Wajerumani inahitaji fedha ya kuwalipa askari, wakageuza karakana ya reli pale Tabora kuwa kiwanda, dhahabu ikatoka Sekenke, wakagonga huyu tembo na zile heller 20 za shaba, mpaka Wabelgiji walipoingia Tabora mwezi Septemba 1916. Yote kweli. Mnaweza kuangalia popote, ni kweli tupu. Kisha kwenye hiyo kweli akachomeka babu yake, fundi wa karakana ileile, aliyelipwa tembo mmoja akamshona kwenye upindo wa kanzu. Mzaramo aliyefanya kazi reli ya kati, kuna ajabu gani hapo?

Sasa sikilizeni nilivyojihadhari, maana najua watu wanavyopenda kusema. Nilimwambia mzee, samahani, nitaangalia namba. Akasema angalia, usimwamini mtu, hata mimi usiniamini. Nikafungua simu, nikaingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni ya upimaji, ikatoka: Afrika Mashariki ya Kijerumani, rupia 15, 1916 T, na daraja lilelile la ubora lililoandikwa kwenye kasha. Kila kitu kinalingana. Mngefanya nini zaidi? Akatoa na sumaku mfukoni, akaisogeza, tembo hakutikisika. Nikaona vijishimo vidogo karibu na masikio ya tembo nikamuuliza. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, hiki kitu kimegongwa vitani, kwenye karakana ya garimoshi. Ulitaka king'ae kama cha Berlin?"

Nikapiga picha nikawatumia. Mliyoyajibu mnayajua.

Alianza na euro 2,400. Nikasema mzee wangu, hiyo sina. Akasema mtani, kwako 2,000, naona aibu hata kutaja. Simu yake ikalia, akaongea Kijerumani kirefu, akakata, akasema ni mnunuzi wa Leipzig, anakuja na pesa taslimu, "lakini huyu tembo si wa kukaa Leipzig, nataka arudi nyumbani". Neno hilo ndilo lililonimaliza. Arudi nyumbani. Si ndiyo maneno tuliyoandika wenyewe kwenye tangazo la mchango? Sijui aliyaotea wapi. Treni yake ya kwenda Hamburg ilikuwa inakaribia, akaanza kufunga vifungo vya koti. Nikafungua bahasha. Elfu moja mia tano ya mchango, na mia mbili ya kwangu ya nauli na zawadi za watoto. Akahesabu kwa kulamba kidole. Kisha, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua.

Risiti? Alichana karatasi ya daftari akaandika jina na namba ya simu. Jina halisomeki na namba haijawahi kupatikana.

Jumapili usiku tuko kwa Mzee wetu, Shangazi anapika, mimi nimemweka tembo katikati ya meza kwenye kitambaa cha kijani. Kaka Dokta akachukua simu, akaingiza namba ileile, lakini yeye akashuka chini ya ukurasa kwenye picha ya sarafu yenyewe. Akakaa kimya, akakuza picha, akaomba taa. Mnajua tembo wa Tabora ana aina mbili: lile pambo la kulia linaishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA, au linaishia chini ya A ya kwanza. Kwenye picha ya kampuni linaishia T. Letu linaishia A. Aina zote mbili zipo halali, sawa, ila sarafu moja haiwezi kuwa zote mbili. Namba ni ya tembo mwingine, wa mtu mwingine kabisa, imenakiliwa ikabandikwa kwenye kasha la kughushi.

Mzee wetu akalivunja kasha kwa koleo. Tembo halali ana gramu 7.17. Huyu alisoma 4.3. Ukingoni kuna mstari wa kuungia unaozunguka wote, kasha lilikuwa limeuficha. Kaka Dokta akakwaruza kidogo kwa sindano na njano ya shaba ikatokea pale pale.

Na Shangazi, akiwa na mwiko mkononi, akasema: "Wa kofia ya kiua? Mbona alinifuata na mimi saa tano asubuhi, nikamwambia sina hela." Saa tano! Mimi nimekutana naye saa nane! Shangazi yangu nakuheshimu, lakini kweli ulishindwa kutuma hata neno moja?

Haya, dalili, kwa wanaokwenda Munich, maana ndilo lililonileta hapa. Hana meza. Mtu mwenye mali ya namna ile na hana meza ndani, anavizia nje kwenye viti, hiyo peke yake ingetosha. Kasha lililofungwa maana yake hupimi uzito wa sarafu yenyewe, ndiyo maana hakuogopa mizani. Ukionyeshwa namba shuka mpaka kwenye picha, linganisha mapambo na kila kovu. Sumaku haisemi kitu, shaba nayo haivutwi. Vijishimo ni dalili ya kumimina kwenye kalibu, sarafu ya kugongwa kwa kawaida haina hivyo. Kuna na jambo la lebo, maandishi yake yalikuwa mazito kidogo nadhani, Kaka Dokta ataeleza, mimi sasa hivi siwezi kuiangalia ile lebo.

Polisi nimeshaandikisha, walinipokea vizuri, wamechukua kasha na kile kikaratasi. Lakini mimi sitaki aandikiwe barua na kutozwa faini. Nataka afungwe. Nataka akalishwe mbele ya watu wote aliowapiga, maana haiwezekani mimi niwe wa kwanza kwa ulimi ule, kila mmoja amsomee alichochukua na alichomwambia. Akitoka jela asugue vyoo vya kituo cha Sonnenallee akiwa amevaa ile kofia. Mtu anayeiba kwa lugha yetu, kwa shikamoo yetu, kwa utani wa babu zetu, huyo amekuibia mara mbili, kwa sababu sasa nikisikia Kiswahili kwenye treni naangalia pochi yangu. Wazaramo wa humu kundini, sina ugomvi na nyie, na siamini kama ni Mzaramo kweli. Lakini kama ni wenu, mnamjua, semeni.

Mzee wetu anasema ile pesa ya 1891 ni halisi na haina kasoro. Ilikuwa chambo tu. Nimeiweka kwenye droo, sitaki hata kuiona.

Mchango wa kila mtu nitaurudisha, nimeshaongea na mweka hazina, kwa hiyo msinipigie simu moja moja kuulizia. Mliopo Munich: picha yake ni moja tu, ya mkono na nusu ya koti, nitaituma leo. Ukimwona, usinunue, usibishane naye, na usimwagizie chai. Kawaite walinzi wa mlangoni, kisha nitumie ujumbe hapo hapo, saa yoyote ya usiku.