Style Wars au As Old as My Tongue?

Kama unachora na umekwama, anza na Style Wars (1983), filamu ya hali halisi ya Tony Silver na Henry Chalfant. Vijana wa New York wanapuliza rangi kwenye mabehewa ya treni za chini ya ardhi, lakini michoro yao huanzia daftarini. Mtazame mmoja wao, Kase 2: ana mkono mmoja tu, na herufi zake amezivunjavunja hadi kuzisoma ni kazi. Lazima utatamani kushika kalamu.

As Old as My Tongue (2006) ya Andy Jones inamhusu hayati Bi Kidude wa Zanzibar, gwiji wa taarab na unyago. Mbinu za kuiga ni chache, ila ujasiri umejaa tele: bibi mkongwe, sauti ya mkwaruzo, na humo filamuni bado anapanda jukwaani. Mwimbaji ningempa hii kwanza.