TAHADHARI: Kabla hujapeleka RV kwenye kituo cha kuoshea malori, uliza wanapuliza nini

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie madereva wa malori mliojibana mkanunua RV, yaani gari la kusafiria lenye nyumba ndani, ili familia nayo itembee, naomba mnisikilize. Nimeumizwa, na sitaki mwingine wetu aumizwe vilevile. Jina la kituo silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, lakini nitaeleza wanavyofanya kazi, ukiwakuta utawajua.

Mwezi wa 8 tulikuwa tunarudi Dallas kutoka Colorado. RV yangu ni ya futi 32, ya mkononi, nimeilipia kwa miaka minne ya kulala barabarani. Mbele wadudu walikuwa wameganda kama uji uliokaukia sufuriani. Mwenye RV anaijua shida hii: kwenye kaa wosh ya kawaida huingii, dari iko chini mno. Kituo cha malori kimejengwa kwa trela la futi 13 na nusu, unapita bila wasiwasi. Lori langu nimeliosha kwenye vituo vya namna hiyo mara nyingi sana, kwa hiyo sikuwa na hofu yoyote.

Getini pana bango: RV zinaoshwa kwa mkono, dola 95. Nikauliza dirishani kama paa na waksi vimo. Yule dada akanijibu vyote vimo, akanisogezea karatasi nisaini. Nyuma yangu foleni inapiga honi, nikasaini bila kusoma. Baadaye ndipo nikaona imeandikwa kwamba hawahusiki na stika, vioo, paa wala maji yakiingia ndani. Yaani kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye RV walikuwa wameshakikana kabla hawajafungua bomba.

Nilipoingia wakashusha mlango wa nyuma wa banda la kuoshea. Wakaja vijana wawili, hakuna aliyeshika brashi wala sponji. Wakaanza kupuliza kutoka chini kwenda juu, harufu ikanichoma puani, na palepale nikaitambua. Ni ile tindikali ya kung'arishia alumini! Nikashuka mbio nikawaambia wasimame, wakanijibu ni sabuni tu. Gari lilikuwa limetoka kwenye jua la Texas, bodi inaunguza, dawa ikaanza kukaukia ubavuni kabla hawajasuuza. Mke wangu alikuwa amembeba mtoto mlangoni. Nikampigia kelele arudi ndani, afunge, na asimwache aguse chochote kilicholowa.

Wakati wa kutoka nikaletewa bili ya dola 268. Paa wanahesabu kwa futi, dola 3 kila futi, hiyo ni 96. Kuondoa wadudu 35. Waksi 42. Nikabisha. Mlango wa mbele wa banda ukabaki umefungwa mpaka kadi ilipopita, na watoto wamo ndani ya gari kwenye joto lile. Nilipoegesha nje nikapanda ngazi ya nyuma: kinyesi cha ndege kiko palepale juu ya paa, hakijaguswa. Nikamwagia ubavu maji ya chupa, yakatambaa bapa yakashuka, hayakujikusanya matone hata kidogo. Hakuna waksi iliyopakwa pale.

Kesho yake kioo cha pembeni kilikuwa na ukungu usiofutika, na stika zimenyanyuka kingo. Wiki ya pili binti yangu aliniita kitandani kwake, akabonyeza ukuta chini ya dirisha kwa kidole. "Baba, hapa pamekuwa laini kama andazi." Ukuta umevimba. Fundi akatoa fremu ya dirisha akanionyesha: presha ya maji ilipasua gundi ya kuzibia, maji yakapita nyuma ya faiba, lile ganda la nje la ukuta, na ule ubao mwembamba ulioko ndani ukaloa ukaachana nayo. Ukuta ukishafika hapo haurudi kwa kupaka kitu juu, unafunguliwa. Makadirio yake ni dola 4,600.

Wengi hatujui kinachopulizwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Vituo vingi vya malori huosha kwa hatua mbili. Kwanza wanapuliza tindikali, halafu juu yake sabuni kali iliyo kinyume cha tindikali, kama magadi. Zikikutana zinang'oa ule utando wa moshi na lami bila mtu kusugua. Ndiyo maana lori linatoka jeupe kwa dakika chache. Baadhi ya tindikali hizo zina floridi, na hiyo inakula kioo. Ukungu wa kwenye kioo changu si uchafu, ni kioo chenyewe kimechimbwa. Fikiria mwenye sola juu ya paa! Mwenzetu mwenye rimu au tangi la alumini iliyong'arishwa huwa anawaambia mapema wasimpulizie tindikali, maana inaua mng'ao mara moja. Kama alumini ya lori inalindwa hivyo, faiba na stika zitapona vipi? Na kwenye ngozi ni hatari zaidi: ile yenye floridi inaweza isiume mwanzoni, maumivu yakaja saa kadhaa baadaye. Ikimgusa mtu, suuza kwa maji mengi na muwahishe hospitali, usisubiri aanze kulia.

Sisemi vituo vyote ni vibaya. Nimewahi kuoshewa vizuri kabisa kwingine, kwa sabuni laini na brashi ya mpini mrefu. Tofauti utaiona ukiuliza. Waambie hutaki tindikali, hata kwenye rimu, na waliandike hilo kwenye risiti. Bei iandikwe yote, paa likiwemo, kabla tairi halijaingia. Mwambie mwenye bomba asielekeze presha kwenye fremu za madirisha, kwenye matundu ya friji na hita ya maji, wala kwenye mipira ya kile chumba kinachosukumwa nje. Paa la mpira halitaki mafuta wala dawa za limau. Akikuambia hana muda wa maelezo, geuza gari. Na piga picha pande zote kabla ya kuingia. Mimi nilikuwa na picha za Colorado tu, bahati nzuri zimenisaidia.

Kuhusu pesa: lipa kwa kredit kadi, usilipe keshi. Iko sheria ya mwaka 1974 inayokupa haki ya kupinga tozo ya huduma ambayo hukupewa kama mlivyokubaliana, ila uiandikie benki barua ndani ya siku 60 tangu walipokutumia taarifa ya kwanza yenye tozo hiyo. Simu peke yake haikulindi kisheria. Mimi niliandika siku ya tisa, nikaambatanisha picha ya bango, risiti na picha ya kinyesi juu ya paa. Malalamiko mengine nimepeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Hilo la ukuta litaenda mahakama ya madai madogo. Hapa Texas inapokea madai hadi dola 20,000, na huhitaji wakili.

Kama nawe umepita kaskazini ya Texas ukakuta bango la dola 95 na mlango usiofunguka mpaka ulipe, usitupe risiti wala karatasi uliyosaini. Niandikie, tuziweke pamoja kabla siku yangu ya mahakama haijafika.