Ununuzi wa Idi Kariakoo kwa Kiti Mwendo: Bidhaa Tele, Njia Haba

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, Kariakoo huota soko jingine juu ya soko. Maduka yenye fremu yapo mwaka mzima, lakini katika siku hizo mbele yake huongezeka meza za mbao, maturubai yaliyotandikwa chini, miti ya kutundikia kanzu na madera, na marundo ya viatu vya watoto, hadi barabara inayopitisha gari kwa siku za kawaida inabaki uchochoro. Tathmini hii inahusu soko hilo la msimu, hususan Mtaa wa Kongo na mitaa inayoukata, nami nimeiandika kama mteja anayetumia kiti mwendo, niliyekwenda na mpwa wangu kutafuta nguo za sikukuu za watoto watano asubuhi ya siku ya kazi.

Kwa upande wa bidhaa sina lalamiko. Kanzu za watoto zilikuwepo kwa saizi zote, kofia za mkono na za mashine zilikaa meza moja ili mnunuzi alinganishe mwenyewe, na bei, ambayo kama kawaida huanza juu, ilishuka kwa maneno machache tu kwa sababu muuzaji wa jirani alikuwa anasikia kila kitu. Anayeagiza pea nyingi huuziwa kwa bei ya jumla hata kama hana duka. Kwa hilo Kariakoo bado haina mpinzani Dar es Salaam, na ndiyo sababu watu kama mimi hatuachi kwenda.

Kufika pia si shida kubwa. Tulishuka kituo cha Msimbazi cha mabasi yaendayo haraka, ambako mtu wa kiti hutoka jukwaani kwa njia ya mteremko bila kubebwa mzobemzobe. Shida ilianza hatua chache baada ya hapo, tulipoingia Aggrey kuelekea Kongo, kwa kuwa pembe ya barabara ambapo kiti kingepaswa kushukia ilikuwa imekaliwa na magunia mawili ya mitumba na jiko la mchoma mahindi ambalo, kwa heshima ya mfungo, lilikuwa limezimwa lakini halijaondolewa.

Kiti changu kina upana wa sentimeta 66. Ukiongeza mikono inayozungusha magurudumu, ninahitaji walau sentimeta 90 ili nipite bila kukwaruza vidole, na ili nigeuke nirudi nilikotoka ninahitaji kama mita moja na nusu. Katika Mtaa wa Kongo, nafasi ya kugeuka sikuipata mahali popote kati ya makutano mawili, maana yake ukishaingia umeingia, na meza uliyoipita ukiwa unasitasita huwezi kuirudia. Mteja anayetembea kwa miguu hupita mara tatu, akalinganisha bei, akanuna, akarudi, na muuzaji akimwona amerudi hupunguza. Mimi silaha hiyo sina. Niliponunua, nilinunua kwa bei ya mara ya kwanza au ya pili, na sidhani kama mtu yeyote alikusudia kunipunja.

Kamba za maturubai ni jambo la kutazamwa peke yake. Zimefungwa kwenye nguzo na nondo za madirisha kwa kimo kinachomfaa mtu aliyesimama, kisha zinashuka hadi chini kwa mshazari, na kwa aliyeketi zinapita usawa wa shingo. Mbele yetu alikuwepo kijana mwenye fimbo nyeupe, ambaye fimbo yake iligusa ardhi tupu, salama kabisa, huku kamba ikimsubiri usoni. Aliiwahi kwa mkono, akacheka, akaendelea. Ni dhahiri kwamba hakuwa mgeni wa kamba hizo.

Katikati ya mtaa tulikwama kabisa. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuomba radhi kwa kila aliyetugusa, mara tukasikia nyuma yetu, "Mzigo! Mzigo! Pisha mzigo!" Ulikuwa mkokoteni uliosheheni marobota ya vitenge, mpana kuliko kiti changu kwa karibu mara moja na nusu, na mbele yake meza ziliinuliwa, vikapu vikavutwa ndani, akina mama wakakusanya maturubai yao kwa pembe nne kana kwamba wamelifanyia mazoezi zoezi hilo. Kuli alipotufikia alituambia, "Mama, kaa nyuma yangu, usiniache." Tukamfuata hadi Mchikichi bila kusimama hata mara moja. Kwa hiyo siwezi tena kukubali hoja kwamba mtaa hauna nafasi. Nafasi ipo, na hupatikana kwa dakika mbili kila mzigo wa mfanyabiashara unapopita.

Hata hivyo ningekosa haki kama ningeishia kuwalaumu wenye meza. Kijana aliyeniuzia raba za watoto, baada ya kuona jinsi nilivyohangaika kusogea, alisema bila kuulizwa: "Dada yangu, nikiirudisha hii meza nyuma shibiri mbili, huyu jirani anajaza hapohapo kabla sijageuka. Wateja watamwona yeye, mimi hawataniona." Jirani alisikia, naye hakukanusha. Msimu huu ni wa siku kumi tu, na kwa wengi wao faida ya siku hizo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada za shule. Meza iliyojitokeza ndiyo inayouza, na hakuna mmoja anayeweza kurudi nyuma peke yake hata akiwa na huruma ya namna gani.

Ndiyo maana sina hamu na dawa ya kufagia mtaa mzima, ambayo hutajwa kila msongamano unapozidi. Tumeshaiona. Mwaka 2018 wamachinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 wakaambiwa wafanye biashara bila kubughudhiwa, na Oktoba 2021 vibanda vikaondolewa kando ya barabara za jiji. Kabla ya hapo lilikuwepo jengo la Machinga Complex pale Ilala, lililokamilika mwaka 2010, ambalo vizimba vyake vingi vilikaa tupu kwa miaka kwa sababu wateja hawapiti huko. Aidha, wenye ulemavu si wateja pekee. Katika safari hiyohiyo nilinunua soksi kwa mama mwenye magongo aliyeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, na vibanio vya nywele kwa mzee mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ambayo ndiyo duka lake. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Aliyekopa humo akanunua bidhaa za Idi, kisha mtaa ukafagiwa siku tatu kabla ya mwandamo wa mwezi, atalipa deni hilo kwa kitu gani?

Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho. Mstari wa rangi uchorwe kila upande, ukiacha sentimeta 120 katikati ambazo hakuna meza wala turubai linaloruhusiwa kuzivuka, na uwahusu wote kwa siku moja, ili yule kijana wa raba asihofu jirani yake. Pembe za makutano ziachwe wazi, na kamba zipandishwe juu ya kimo cha mtu. Mizigo mikubwa ishushwe usiku, jambo ambalo ni jepesi zaidi tangu mwaka 2025 ilipozinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo. Kila meza itapoteza zile shibiri mbili, na sitajifanya kwamba ni bure, kwani meza ndogo ya shibiri nne itapoteza nusu. Hao wa meza ndogo wangepewa kwanza nafasi za karibu na makutano. Na mtaa ambao soko lake kuu liliungua Julai 2021 una sababu nyingine ya kutaka njia inayopitika.

Maduka ya ndani nayapitia haraka. Mengi yana vizingiti vya ngazi mbili au tatu vya kuzuia maji ya mvua, hivyo wauzaji hutoka na kanzu mikononi na kukuhudumia barabarani. Ni ukarimu wa kweli, ila huwezi kuchagua usichokiona. Choo ninachoweza kukitumia sikukipata, kwa hiyo nilikuwa nimefunga kwa maana zaidi ya moja.

Bidhaa nazipa nne na nusu kati ya tano, wauzaji nne, njia moja na nusu. Anayetumia kiti mwendo au magongo aende katika kumi la kwanza au la pili, saa mbili asubuhi, aanzie upande wa Msimbazi, asiende peke yake, na baada ya futari asithubutu.

Nyumbani niligundua kwamba pea moja ya raba ilikuwa namba 32 badala ya 34. Nilimpigia yule kijana nikiwa tayari nimeanza kuhesabu safari ya pili. "Usirudi, dada," alisema, "utateseka bure, nakutumia kwa boda." Zilifika kesho yake kabla ya magharibi, namba sahihi. Nauli ya boda, shilingi elfu tano, nililipa mimi.