Dawa za kipokezi cha androjeni kwa saratani ya matiti iliyosambaa: ipi inafaa, na kwa nani

Kipokezi cha androjeni ni protini ya seli inayoshika homoni za kiume (androjeni), na baadhi ya saratani za matiti zinacho. Dawa zinazokilenga, yaani bikalutamidi, abirateroni na enzalutamidi, zilitengenezwa kwa saratani ya tezi dume. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi inamzungumzia mwanamume mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata moja iliyosajiliwa kutibu titi. Mgonjwa wa matiti huzipata kwenye utafiti, au daktari akiamua kuziandika nje ya matumizi yaliyosajiliwa.

Kipimo kwanza. Kinyama cha uvimbe hutiwa rangi maabara, kisha mtaalamu huhesabu viini vya seli vilivyoshika rangi, ishara kwamba vina kipokezi cha androjeni. Tafiti nyingine huita "chanya" kuanzia 1% ya viini, nyingine 10%, kwa hiyo neno "chanya" peke yake kwenye ripoti halitoshi: ulizia asilimia. Ikiwezekana kinyama kitoke kwenye uvimbe wa sasa uliosambaa, maana kilichokatwa titini miaka mingi nyuma huenda hakifanani nao tena. Kisha tazama kipokezi cha estrojeni, kwani hapo ndipo njia zinapoachana.

Vipokezi vya estrojeni na projesteroni pamoja na HER2 (protini nyingine inayokuza baadhi ya saratani za matiti) vikiwa hasi vyote, androjeni huzibwa. Rahisi kuliko zote ni bikalutamidi, 150 mg kwa siku, ushibe usishibe. Katika utafiti wa TBCRC 011, uliotoka 2013, vinyama 424 vilipimwa na 12% tu vikakutwa na kipokezi cha androjeni. Kwa waliotibiwa, 19% ugonjwa ulitulia miezi 6. Hakuna aliyepungukiwa uvimbe kwa kiwango cha kuhesabika. Ini lipimwe kabla ya kuanza na mara kwa mara miezi ya mwanzo.

Abirateroni ndiyo yenye masharti. Ni 1000 mg kwa siku, pamoja na prednisoni 5 mg asubuhi na jioni. Usile saa mbili kabla wala saa moja baada ya kumeza. Anayeimeza na kifungua kinywa chenye mafuta mengi anaweza kupandisha dawa mwilini hadi mara kumi, na madhara yakapanda nayo. Kosa la pili ni kuacha prednisoni kwa kuogopa kunenepa. Abirateroni hukata utengenezaji wa kotisoli, homoni ambayo prednisoni huziba pengo lake. Tezi za juu ya figo zikisukumwa zifidie, hutoa kwa wingi homoni za kuhifadhi chumvi. Hapo shinikizo la damu hupanda, potasiamu hushuka, miguu huvimba. Walionufaika nayo ni kama 20%, karibu sawa na bikalutamidi. Kwa usumbufu huo, hatuoni sababu ya kuanza nayo.

Enzalutamidi, 160 mg kwa siku, ina takwimu bora kidogo: katika matokeo ya 2018, kati ya wanawake 118, 25% walinufaika kufikia wiki ya 16, na 33% kwa wale 78 ambao kipokezi chao kilifika 10% na matokeo yao yakapimika. Hata hivyo ugonjwa ulidhibitiwa takriban miezi 3 tu. Uchovu ndio malalamiko makuu, na mwenye historia ya degedege aiepuke. Pia huchochea ini kuvunja dawa nyingine haraka. Eksemestani, dawa ya homoni ya saratani ya matiti, hupungua mwilini karibu nusu, ndiyo maana walioichanganya nayo katika utafiti walipewa 50 mg badala ya 25; warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo inahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Zote tatu ni za ugonjwa unaokwenda polepole. Ini likijaa uvimbe au pumzi ikikata, kusubiri kidonge kifanye kazi ni kupoteza muda; kemo (tibakemikali) itangulie.

Kipokezi cha estrojeni kikiwa chanya, mambo hugeuka. Huko androjeni ikiamshwa huzuia saratani, na kabla ya tamoxifen, kidonge cha kuzuia estrojeni, wagonjwa walipewa testosteroni, ambayo ni androjeni. Tatizo lilikuwa sauti nzito na nywele kidevuni, tena mwili unaweza kuigeuza estrojeni. Enobosamu huamsha kipokezi bila kugeuka hivyo. Katika matokeo ya 2024, 9 mg iliwanufaisha 32% kwa wiki 24 na 18 mg ikawanufaisha 29%, hivyo kuongeza dozi hakukuongeza faida. Bado ni dawa ya utafiti. Mtandaoni huuzwa kwa wajenga misuli kwa jina la ostarini, usiinunue huko. Bidhaa 44 za aina hiyo zilipopimwa mwaka 2017, ni 41% tu zilizokuwa na kiasi kilicholingana na lebo.