FEBio: programu ya kuchunguza uchakavu wa gegedu, baada ya miezi mitatu ya kuitumia Chake Chake

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikiitumia FEBio, programu ya kompyuta inayokokotoa namna tishu laini za mwili, kama vile gegedu la goti, kano na ngozi, zinavyobonyea, kuvutika na kuharibika. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Utah kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na anayeitaka kwa masomo au utafiti usio wa biashara huipata bure. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Chake Chake, Pemba, na kilichonifanya niitafute ni magoti ya wachumaji karafuu, watu waliopanda mikarafuu tangu ujanani na ambao sasa huona tabu hata kukaa tahiyatu.

Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inalichukulia gegedu kuwa kitu chenye maji. Programu nyingi za uhandisi zimezoea chuma na mpira, ilhali gegedu lina maji kiasi cha asilimia 65 hadi 80, na nadharia ya kulikokotoa kama mchanganyiko wa kigumu na kimiminika ilichapishwa na mtafiti Van C. Mow na wenzake mwaka 1980. Nilichora kisahani cha gegedu chenye unene wa milimita 2, nikakikandamiza, kisha nikatazama rangi za shinikizo zikibadilika kwenye skrini. Mwanzoni karibu mzigo wote ulibebwa na maji; kadiri maji yalivyochujuka, mzigo ukahamia taratibu kwenye sehemu ngumu, yaani mtandao wa nyuzi za gegedu, na hapo ndipo msuguano nao huongezeka. Nilikuwa nimelisoma jambo hili miaka mingi, lakini siku ile nililiona.

Sehemu ya uharibifu nayo imefikiriwa vizuri. Aliyewahi kusokota kamba ya usumba anajua kwamba nyuzi hazikatiki zote kwa pamoja: moja hukatika, jirani yake huongezewa mzigo, na kamba huendelea kuonekana nzima huku nguvu zikiipungua. Programu hii hufuata hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa viunganishi vinavyoishikilia tishu vilivyovutwa kupita kikomo chake huhesabiwa kuwa vimekatika na havirudi tena.

Hata hivyo, asitarajie mtu kukuta mahali pa kuandika umri wa mgonjwa akapata jibu. Uzee lazima uuingize mwenyewe kwa tarakimu: kolajeni, yaani protini ya nyuzi hizo, inayozidi kukakamaa na kuwa rahisi kukatika kwa sababu ya sukari inayojishikiza humo mwaka hadi mwaka, na kupungua kwa proteoglikani, yaani molekuli zinazoyashika maji ndani ya gegedu, ambako huyaachia maji yatoroke upesi zaidi. Tarakimu nilizotumia mimi nilizitoa katika vipimo vya maabara za mbali, kwa hiyo picha niliyoipata si ya goti la mchumaji wangu yeyote, na nisingethubutu kumwonyesha mgonjwa kana kwamba ni yake.

Mwongozo wake ni mrefu, umeandikwa kwa Kiingereza na umejaa hesabu za tensa, yaani majedwali ya namba yanayoeleza mkazo na mvuto wa kila upande. Wavu wa vipande vidogo, ambavyo programu hulikata umbo ili ikokotoe kimoja kimoja, unahitaji kusukwa kwa makini karibu na uso wa gegedu, la sivyo kipande hujipindua na hesabu ikasimama katikati, kama ilivyo kwa programu zote za aina hii. Katika kompyuta yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, kisahani kilimalizika kwa nusu saa, ila goti zima nililiacha usiku kucha.

Naipendekeza kwa moyo wote kwa wanafunzi wa uhandisi na wa sayansi ya afya, mradi wasiwe na pupa ya kuanza na goti. Waanze na mchemraba mmoja tu unaovutwa upande mmoja, ambao jibu lake wanaweza kulihakiki kwa kalamu na karatasi kabla ya kuiamini skrini.